Niko Uweponi

Lisilosemwa ndilo lipo. Na kama halipo, basi lilishafika siku nyingi, likavua viatu na kukaa kitako.

Mchumba wangu Anord Kalinga ni fundi makabati Mafinga. Mimi nina duka la pembejeo Uyole, Mbeya. Kanisani kwetu tangazo la ndoa lilikuwa limeshasomwa mara mbili, limebaki moja, na Jumamosi asubuhi ujumbe uleule wa kila wiki ukaingia:

"Niko uweponi mpenzi. Nazima simu mpaka jioni. Nakuombea."

Nikamwonyesha shangazi Evarista.

"Mwanaume wa kufunga na kuomba kila wiki! Gwe Alinanuswe, wenzako wanawalilia wa hivyo."

"Shangazi, Jumamosi iliyopita alipowasha simu nilisikia kitu kinavuma nyuma yake. Kama mashine ya kukaushia nywele."

"Labda ni upepo wa Roho Mtakatifu."

"Roho Mtakatifu hatumii umeme, shangazi."

Nikapanda basi la kwanza.

Mafinga ilinipokea kwa baridi na harufu ya mbao mbichi. Stendi nikamfuata dereva wa bodaboda, mzee mwenye koti zito.

"Shikamoo baba. Unamfahamu Anord Kalinga, fundi makabati?"

"Marahaba. Nani asiyemfahamu?"

"Jumamosi huwa anaombea wapi? Anasema yuko uweponi."

Mzee akacheka. "Uweponi napajua. Panda."

Nilitegemea kanisa, au kilima cha maombi. Pikipiki ikasimama mbele ya banda la mbao lenye pazia jekundu. Juu ya mlango, kwa rangi ya kijani: UWEPONI SALUNI.

"Baba, umenipoteza."

"Si umesema Uweponi? Kalinga mwenyewe ndiye aliyelijenga."

Ndani, dada mmoja alikuwa anasuka mteja.

"Kamwene dada. Karibu. Kusuka au kuosha?"

"Namtafuta Anord."

"Baba Juliana!" akaita bila kugeuka. "Mgeni wako!"

Anord akatoka chumba cha nyuma na kandambili, taulo begani. Aliponiona alirudi hatua moja, kama mtu aliyekanyaga moto.

"Alina..."

"Aa, ndiye yule dada wa maombi wa Mbeya?" yule dada akauliza. "Karibu sana. Mimi Veneranda."

"Dada wa maombi?" nikasema. "Mama Juliana, kesho ndoa yangu na huyu inatangazwa mara ya tatu."

Mikono yake ikasimama kichwani mwa mteja.

"Ndoa gani? Mimi ameniambia Krismasi anakuja kujitambulisha kwetu."

Sikungoja zaidi. Anord akanikimbilia mpaka barabarani.

"Alina, sijakudanganya hata neno moja! Nilisema niko Uweponi. Si umenikuta Uweponi?"

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Alijiamini kabisa, kama mtu aliyeona mwanya katika Amri Kumi.

"Na kuniombea?"

"Nilikuombea kweli. Asubuhi, kabla sijazima simu."

"Ulitafuta neno ambalo Mungu asingeweza kukushitaki nalo. Nijibu basi: nyuma ya lile pazia, Yeye hakuwepo?"

Lori la magogo likaja, tukasubiri lipite.

"Tuyamalize wawili," akasema. "Mbele za watu usinifanyie."

Jumapili alikuja Uyole na suti, akakaa benchi la pili na mama yake. Simu yangu ikatetemeka, ujumbe wake: "Mke mwema husitiri."

Mchungaji akasoma majina yetu.

"Ni tangazo la tatu na la mwisho. Mwenye pingamizi aseme sasa."

Nikasimama.

"Mimi ninalo."

Mchungaji akavua miwani. "Binti, wewe ndiye bibi harusi."

"Ndiyo, mchungaji. Kwa hiyo nalijua vizuri. Bwana harusi ana mwanamke na mtoto Mafinga, na amemwahidi ndoa kama alivyoniahidi mimi."

Kanisa zima likaguna. Mama yake Anord akajifunika kitenge usoni.

Baada ya ibada tukaitwa ofisini, mimi, Anord na shangazi. Mzee wa kanisa Ezekia alikuwa ameshakunja uso.

"Umeliaibisha kanisa. Umemliza mama wa watu. Ungekuja hapa kimya kimya, tukayamaliza kwa hekima. Ndoa imekufa, sawa, hilo limekwisha. Lakini utaomba radhi."

"Gwe Alina," shangazi akaninong'oneza, "sema tu samahani. Neno moja, tukale."

Anord akainua kichwa. Nikaona tumaini machoni pake. Hilo neno moja akilipata, kufika jioni yeye ndiye atakuwa aliyekosewa, na mimi mwenye mdomo.

"Mzee wangu, mliuliza nani ana pingamizi. Mlikuwa mnataka jibu, au mlikuwa mnataka kimya?"

"Usinijibu kwa maswali. Omba radhi!"

"Nakuheshimu, mzee wangu. Siombi."