Sentensi ya Pastory

Kila Ijumaa wanafunzi wa darasa la saba pale Kishanda walibadilishana insha na kusahihishana. Mwalimu Kashaija alikuwa ameandika kanuni ubaoni: "Weka kosa iwapo hakuna kitenzi kikuu kuanzia herufi kubwa hadi nukta." Skolastika aliipenda kanuni hiyo. Alikuwa na mkono mwepesi na, tuseme ukweli, majivuno kidogo. Siku zote alimaliza wa kwanza.

Ijumaa moja ya mwaka 1989, insha zisizo na kosa zilikuwa ziende Bukoba kwenye mashindano. Mshindi angepata sare mpya na madaftari ya mwaka mzima. Skolastika alipata insha ya Pastory, mgeni kutoka kisiwa cha Bumbire, ambaye shati lake lilikuwa viraka vitupu. Sentensi ya kwanza ilikuwa ndefu. Aliisoma nusu, akaandika kwa penseli: "Hakuna kitenzi kikuu." Mwalimu akakusanya insha safi, akaenda nazo ofisini. Ya Pastory ikabaki.

"Skola, uliisoma yote?" Pastory aliuliza.

"Kosa ni kosa."

"Basi nisomee kwa sauti."

Skolastika akaanza kwa madaha: "Baba yangu, mvuvi wa Bumbire aliyenifundisha kushona nyavu, kupiga kasia na kutomwogopa mtu yeyote, alifariki mwezi Machi."

Kitenzi kilikuwa pale pale, karibu na nukta. Miaka ile ya UKIMWI karibu kila ukoo wilayani kwao Muleba ulikuwa umezika, na yeye mwenyewe alikuwa amempoteza mama yake mdogo. Aliona aibu kubwa.

Angeweza kunyamaza, maana wenzake hawakusikia. Lakini alinyakua karatasi, akakimbilia ofisini kabla bahasha haijafungwa.

"Mwalimu, Pastory hana kosa. Kosa ni langu. Niliandika 'hakuna' kabla ya kufika mwisho."

Mwalimu alisoma kimya, akafuta ile penseli, kisha akaitia insha ndani ya bahasha.

"Umefanya vizuri kuja," alisema. "Anayesema 'kipo' akikiona kimoja tu, kazi imekwisha. Anayesema 'hakuna' ni lazima awe ametafuta kila mahali, la sivyo anamdhulumu mtu. Haya, nenda kampe Pastory pole ya baba yake. Na hiyo nayo umeichelewesha."