Mpenda Haki wa Gongoni

"Huyu Mpenda Haki nikimshika, nitamtafunisha kalamu yake mpaka wino umtoke puani."

Mwalimu Yahaya kasimama barazani kwetu Gongoni, gazeti kalikunja kama fimbo. Mimi napepeta mchele. Nikamwambia wino wa siku hizi mchungu, amwonee huruma mwenzake.

Hakucheka. Mwaka ule wa hamsini na nne alikuwa akilipwa kufundisha timu ya mtaa wetu, na kila gazeti la wiki liliposhuka na treni ya Dar es Salaam, Mpenda Haki alikuwa keshamvua nguo. Mara mabeki wake wanasimama kama wanangoja kupigwa picha. Mara mwalimu akachunge mbuzi, huenda wao wakamsikia. Mji mzima ulimshuku karani mmoja wa stesheni. Maskini, alizomewa hadi akaacha kupita sokoni.

Mpenda Haki nilikuwa mimi. Juu ya ukuta wa uani kwetu kiwanja kilionekana chote, na darasa langu la nne nililitumia kuliko baba alivyotarajia.

Mtaniuliza, si ndiye Yahaya aliyekuwa ameleta posa? Ndiye, na nilimtaka. Lakini kupenda ni kupenda, na beki mbovu ni beki mbovu.

Wiki ile moyo ulinilainika, nikamsifu mara moja tu. Niliandika: "Siku ya mchezo, Mwalimu Yahaya anaelewa kuliko wote." Huko kwa wapiga chapa wakameza herufi moja. Gazeti likaja limesema analewa kuliko wote.

Baba yangu, Mzee Mabruki, fundi cherehani na mwenyekiti wa kamati ya timu, akatoka ndani na futi yake shingoni.

"Kamati inakaa alasiri, Mwalimu. Kazi utaiacha. Na barua yako ya posa utarudishiwa hukohuko."

"Mzee wangu, pombe siijui hata harufu."

"Gazeti linakujua."

Ningenyamaza, nani angejua? Nami ningebaki bila mume, na yeye bila kazi wala jina. Alasiri nikaingia katikati ya wanaume na daftari langu la kuandikia barua za gazeti, nikawaamkia, nikasema Mpenda Haki ni mimi. Wakacheka. Baba akanituma nikaangalie chungu.

Ili waniamini ikabidi niwasomee yote. Picha, mbuzi, yote, Yahaya kakaa mbele yangu. Mwisho nikasoma ile sentensi. Katibu, Bwana Ngollo, akalilinganisha daftari na gazeti kwa kidole.

"Ni herufi moja tu, Mwenyekiti. Binti kaandika anaelewa."

Kazi ikarudi. Yahaya akanigeukia.

"Misimu miwili, Mwamvita."

"Misimu miwili ulikuwa unafungwa."

"Mpaka mbuzi?"

"Mbuzi niliwaonea."

Kamati nzima ikatazama vikombe vya kahawa. Yahaya akamwomba baba barua yake ya posa, kwa adabu zote, akaitia mfukoni akaondoka. Mwezi mzima akinikuta njiani anavuka upande wa pili. Kisha akamtuma dada yake Siwema: atairudisha posa nikiacha kuandika. Nikajibu kwamba nitaacha siku atakapomtoa Masele kwenye ubeki. Siwema akasema mimi sina haya. Kweli, sina.

Jumapili iliyofuata Masele alikaa nje. Tukashinda matatu bila. Jioni Yahaya akaja barazani na barua ileile, imekunjamana.

"Masele sikumtoa kwa ajili yako."

"Najua."

"Basi liandike hivyo."

"Nitaandika nilichokiona. Unaoa au huoi?"

Akamtazama baba, baba akainamia cherehani yake kama hakusikia.

"Naoa," akasema, kwa hasira.

Tulifunga ndoa mfungo mosi, Ramadhani ilipokwisha. Tumelala chumba kimoja miaka na miaka, na kila baada ya mchezo huninunia, hata siku ya ushindi. Kuniuliza nimeandika nini, hataki. Treni ikipiga honi anavaa kanzu, anakwenda stesheni kununua gazeti lake.