Kikoromeo cha Mbwa Mweusi

Mnanichosha! Hata mate sijameza, mnataka hadithi. Haya.

Shoga yangu alifagia maabara ya daktari mmoja, elimu tele, utu hata wa kulamba hana. Kazi yake kung'oa vikoromeo vya mbwa hawa na kuwapachika wale. Palikuwa na mbwa mmoja mweusi; akisikia funguo za shoga yangu, hubweka mara mbili, kisha huvuta mlio.

“Huyu niachie, daktari, ananijua.”

“Bibi, wewe fagia. Mbwa ni mbwa.”

Akamuua, kikoromeo akampa mwingine. Huyo hakutoa hata kikohozi.

Usiku mmoja umeme ukakatika. Shoga yangu akaingia gizani kuchukua ndoo, funguo zikalia. Akasikia kubweka mara mbili, kisha mlio mrefu! Akawasha tochi: yule mbwa aliyepachikwa kikoromeo kalala fofofo. Akageuka, funguo zikalia tena. Kumbe daktari yuko pembeni, kajishika koo; akabweka mara mbili, akavuta mlio.

Hadi leo hana sauti nyingine.