Risasi Aliyoipa Jina Lake

Jumamosi moja ya Agosti, nyumba ya akina Haugen iliamka kwa amani. Lorene alikuwa jikoni akigeuza pankeki, redio ikitangaza joto kali kwa bonde zima la Bitterroot. Mumewe Thurman alikuwa ameketi upande wake wa meza, akipanga risasi kwenye kisanduku cha plastiki kwa uangalifu kama anapanga mayai. Nasema upande wake kwa sababu tangu majira ya baridi meza ile ilikuwa imegawanywa: kipembe kimoja cha kulia chakula, kwingine kote mizani, makopo ya baruti na mashine ya kubania maganda. Wajukuu wakija, walikula sahani zikiwa magotini.

Risasi zile hazikuwa za dukani. Thurman alikuwa amechukua maganda ya shaba ya kawaida, akayabana shingo na kuyapanua mabega, akampa fundi kazi ya kutengeneza mtutu wa kuyapokea, kisha risasi mpya akaiita Haugen. Kwetu risasi za namna hii huitwa paka-mwitu, maana hazina kiwanda wala kitabu cha kukuambia baruti ikomee wapi. Unaongeza punje kidogo kidogo, unafyatua, unalitazama ganda linasemaje. Mwenyewe ndiye kitabu.

Nisieleweke vibaya, ndugu zangu. Kubuni risasi si kosa. Lorene mwenyewe amesawazisha shingo za maganda kwa miaka thelathini, na mikono yake ni sahihi kuliko ya mumewe. Ugonjwa uliokuwa katika nyumba ile ni mwingine kabisa: Thurman alikuwa haambiliki.

Wiki moja kabla, kwenye mazoezi, komeo la bunduki, kile chuma kinachoifungia risasi ndani, lilikuwa limegoma kufunguka baada ya kufyatua. Kila mtu bondeni anajua hiyo ni ishara kwamba baruti imezidi. Rafiki yake Emmett Rusk, msimamizi wa uwanja wa klabu, alimwambia kwa upole, "Mzee mwenzangu, punguza kidogo."

"Komeo likigoma, nyundo ipo," Thurman akajibu, akatoa kinyundo chake chenye kichwa cha ngozi na kuligonga likafunguka. Watu wakacheka. Lorene hakucheka, lakini pia hakusema kitu, kwa ajili ya amani. Kunyamaza huko kulimkereketa wiki nzima.

Sasa siku ya mashindano ya klabu ilikuwa imefika. Macho ya Thurman yalikuwa yameanza ukungu, kwa hiyo atakayefyatua ni binti yao Signe, mlengaji bora kuliko wote katika klabu. Thurman alitaka jambo moja tu: jina Haugen liandikwe kwenye ubao wa rekodi. Akaweka kisanduku juu ya dashibodi ya gari, nyuma ya kioo, juani, na hapo kikakaa hadi saa sita mchana.

Signe alifyatua risasi tatu za majaribio. Ya tatu, komeo likagoma. Thurman akaja na kinyundo chake, ko, ko, ganda likaruka kwenye nyasi. Lorene akaliokota likiwa bado linachoma vidole. Fataki, kile kidonge cha kuwashia baruti, ilikuwa imelala bapa, na kitako cha ganda kilikuwa na alama inayong'aa. Alipoligeuza, fataki ikachomoka yenyewe, ikamwangukia kiganjani. Tundu lake lilikuwa limetanuka kwa nguvu ya baruti. Lorene akapandwa na hasira.

"Simamisheni!" akapiga kelele.

Kwenye uwanja wetu neno hilo analo kila mtu, awe bingwa au mpita njia. Likitamkwa, makomeo yote hufunguliwa, watu wote hurudi nyuma, na hakuna anayegusa bunduki maadamu kuna mtu mbele ya mstari wa kufyatulia. Lorene akasubiri watu wote waondoke kwenye meza za kufyatulia. Kisha akaliweka ganda juu ya meza ya Signe, akachukua kiti chake cha kukunja, akavuka mstari, akakaa katikati ya uwanja na kofia yake, kama amekuja kuota jua.

"Shemeji, umepatwa na nini?" Emmett akaita. "Toka huko!"

"Nitatoka Signe akiachana na hiyo bunduki."

"Mama, watu wanatutazama," Signe akasema.

"Wacha watazame. Hawajalipa kiingilio."

Thurman uso ulikuwa umeiva. "Miaka thelathini kwenye baruti, bado anaogopa kelele!"

"Siogopi kelele, Thurman. Nakuogopa wewe. Baruti hiyo uliipima Februari, theluji ikiwa magotini. Leo umeioka garini tangu asubuhi. Baruti yenye joto husukuma zaidi. Itasukuma vilevile?"

"Nimeijaribu mara mia!"

"Mara mia kwenye baridi. Punguza."

"Sipunguzi! Nikipunguza si Haugen tena."

"Basi iitwe nguruwe, mimi yanihusu nini? Huyo ni mtoto wangu."

Signe alilichukua lile ganda mezani, akaona tundu lilivyotanuka. Akavua vikinga masikio, akaviweka mezani.

"Ukiondoka hapo usiniite baba," Thurman akamwambia.

"Nitakuita baba vilevile," Signe akajibu. "Ila hapo sikai."

Lorene akakunja kiti na kurudi, Emmett akiwa pembeni yake.

"Kanuni ni kanuni, shemeji," Emmett akasema kwa huzuni. "Kuvuka mstari ni kufungiwa mwaka mzima."

"Andika miwili."

Lorene alikuwa ndiyo kwanza amefika nyuma ya mstari. Emmett hakuwa ametoa ruhusa ya kufyatua tena. Thurman aliketi kwenye kiti cha binti yake, akasukuma miwani yake yenye jasho juu ya paji la uso na kusweka risasi.

"Thurman, acha!" Emmett akapaza sauti.

"Bunduki yangu, risasi yangu, jicho langu!"

Akafyatua. Kitako cha mbao cha bunduki kikapasuka vipande viwili, na moshi pamoja na chembe za shaba vikamrudia usoni. Lorene ndiye aliyemfikia kwanza. Alimlaza chini, akambana jicho kwa skafu yake, akilia na kumtukana kwa pumzi moja.

Madaktari waliokoa maisha yake. Jicho la kulia hawakuliweza.

Siku ya tatu, Thurman akasema kitandani hospitalini, "Ganda lilikuwa bovu."

"Ganda lilikuwa zima," Lorene akasema. "Nililiandaa mimi."

Thurman akafungua mdomo kubisha, lakini Signe akamwahi. "Baba, wewe una mikono mirefu. Mimi uso wangu hukaa karibu zaidi na komeo. Wewe umepoteza jicho. Mimi ningepoteza nini?"

Thurman akageukia ukuta, akalia.

Jioni hiyo Lorene akamwambia kwamba anakwenda kuzing'oa vichwa risasi zote zilizobaki na kumwaga baruti, moja moja.

"Niachie moja ya kumbukumbu," Thurman akaomba.

"Kumbukumbu unayo usoni," Lorene akasema, akachukua mkoba wake.

MAFUNZO

Mtu asiyeambilika haumii peke yake. Humkalisha mtoto wake mbele ya kiburi chake, kisha akaita hiyo heshima ya familia. Kama kazi ya mikono yako imekuonyesha ishara ya hatari, amini ishara, usiigonge nyundo.

Nanyi mnaoona na kunyamaza ili nyumba iwe na amani, hiyo mnayoilinda si amani. Semeni mapema, siku komeo linapogoma mara ya kwanza. Lorene alichelewa wiki moja, na wiki hiyo anaijutia hadi leo. Mkiambiwa mmevunja kanuni, pokeeni adhabu yenu mkiwa mmesimama wima. Signe ana macho mawili.