Daftari la Vifaranga Kumi

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alisafisha vyombo vya maji na kumwambia baba yake ni mayai mangapi yamepasuka usiku. Jina hilo la utani alilipata darasani, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Baba yake alikuwa mtotoleshaji wa kuku. Chumba cha nyuma, chenye mashine ya kutotolesha na boksi lenye taa ya joto, ndicho kilichowalisha wawili hao tangu mama alipofariki.

Wiki ile Chiriku alikuwa na kazi yake mwenyewe. Mwalimu wa sayansi alimtaka apime woga wa vifaranga kumi, tangu siku ya kutotolewa hadi siku ya tano. Kila siku angemweka mmoja mmoja sakafuni, avute bakuli jekundu kwa kamba, kisha aandike: amekimbia, ametulia au amefuata. Daftari bora lingepelekwa kwenye maonyesho ya shule zote, na mwenye daftari angelieleza mbele ya watu. Chiriku aliitaka nafasi hiyo kwa kufa na kupona.

"Woga wa kuku nao wa kupimwa?" alimwambia Rula, rafiki yake mrefu wa dawati moja. "Kuku mwoga tangu yai!"

"Haya, profesa," Rula akamcheka. "Twende tukaruke kamba."

Basi siku ya kwanza, vifaranga hata manyoya hayajakauka, Chiriku alijaza siku zote tano. Amekimbia, amekimbia, amekimbia. Akaenda zake kuruka kamba.

Kesho yake jioni baba alilikuta daftari juu ya gunia la chakula cha kuku.

"Mama," akamwita binti yake, "leo siku ya ngapi?"

"Ya pili, baba."

"Mbona hapa naona ya tano? Hawa umewaona wapi?"

"Lakini baba, kila mtu anajua watakimbia."

Baba alifungua boksi la vifaranga. Alimweka kifaranga mmoja sakafuni, akavuta bakuli. Kifaranga akainua shingo, akalia pii, akalifuata bakuli mbio, vibawa wazi, kama aliyeitwa. Wa pili naye vilevile. Katika kumi, saba walifuata.

"Mama yako alipokuwa mahututi," baba akasema taratibu, "muuguzi alitakiwa kuja kila Jumatatu. Hakuja. Baadaye wakanionyesha daftari lao: ametembelewa, ametembelewa, ametembelewa. Mwandiko mzuri kama wako. Na mkubwa wao, kwenye kiti chake cha kuzunguka, akatia saini."

Asubuhi Chiriku alimfuata mwalimu, machozi yakimlengalenga, akaeleza yote.

"Kwa hiyo siku ya kwanza huna kitu?"

"Sina, mwalimu. Kama ni kunitoa, nitoe."

"Futa ulizobuni. Andika ya jana, kisha endelea na zilizobaki. Tutaona."

Siku ya tatu waliofuata bakuli walipungua. Siku ya nne tisa walikimbia, na ya tano wote kumi walijibanza pembeni wakitetemeka. Mwalimu alisoma, akatabasamu.

"Sehemu ya ubongo inayoamsha woga huanza kujengeka ndani ya yai," alisema, "lakini huendelea kukomaa baada ya kutotolewa. Siku za mwanzo kifaranga anahitaji kumfuata mama. Akiogopa kila kitu, atampoteza. Hata sisi tuna sehemu ya namna hiyo. Ndege na binadamu tumeirithi kwa viumbe wa kale mno. Daftari hili linakwenda."

Siku ya maonyesho Chiriku alieleza bila kubabaika. Mkaguzi mmoja aliyevaa tai akagonga ukurasa kwa kalamu.

"Na siku ya kwanza, mbona patupu?"

"Sikuangalia, bwana mkaguzi. Mwezi ujao tunatotolesha wengine, nitaangalia."

Mkaguzi akatia alama ya vema, akasogea meza ya pili.

Baba, aliyekuwa amesimama nyuma kwa shati lake la pasi, akamshika bega.

"Umeona, mwanangu? Andika ulichokiona kwa macho yako. Ambacho hukukiona, acha pengo. Mtu akiona pengo, atakwenda kuangalia. Ukilijaza uongo, hakuna atakayekwenda."

Chiriku akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake tarehe ya mayai yajayo.