Injini Ilipokufa Mlimani Elgon

Taa nyekundu ya oili iliwaka pale msitu wa mianzi unapoanza, na Wanjala akaigonga kwa kidole kama mtu anayemwamsha mlevi. Mvua ilikuwa ikimwagika tangu asubuhi. Nyuma ya pikapu magunia ya viazi yalitikisika chini ya turubai. Walikuwa wakishuka Mlima Elgon kuelekea Kitale, yeye na shemeji yake Linah, mdogo wa mkewe Everlyne.

"Hiyo taa ni ya nini, shemeji?"

"Ni waya tu. Si nilifunga sumaku kwa filta? Vyuma vyote vinanaswa pale. Injini iko sawa bana."

Aliyemuuzia sumaku hiyo mjini Kitale aliapa kwamba inasafisha oili yenyewe. Wanjala aliamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi kuliko kulala chini ya gari kubadilisha oili. Mahindi yalipandwa, yakavunwa, na oili ikabaki ileile.

Kwenye mteremko injini iligonga kama nyundo ndani ya debe, ikakwama, ikafa. Usukani ukawa mzito. Magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, pikapu ikateleza kwenye tope, ikaacha barabara na kuporomoka kati ya mianzi hadi ilipokita kwenye gogo.

Ikabaki sauti ya mvua peke yake. Kisha Linah akasema polepole, "Mguu wangu."

Bati la mlango lilikuwa limempasua chini ya goti. Wanjala akavua shati, akalifunga kwa nguvu mpaka damu ikapungua. Simu hazikuwa na mtandao. Alipanda barabarani kutafuta msaada, akakuta mlima umeporomoka na kuizika njia. Hakuna gari ambalo lingepita.

Aliporudi, alifungua boneti akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nzito, nyeusi kama lami, na ndani yake chembe za rangi ya shaba zilimetameta. Akabandua sumaku kwenye filta, akaisogeza karibu. Chembe hazikutikisika.

"Haizishiki," akasema.

"Nini?"

"Inashika chuma peke yake. Hii si chuma. Na vumbi, na masizi, hivyo haivigusi kabisa." Akaitia sumaku mfukoni. "Ni mimi nimekuumiza, Linah."

"Utajilaumu tukifika. Hapa baridi itatuua. Tufuate maji, maji huenda kwa watu."

Wakakinga maji ya mvua kwa turubai, wakanywa, kisha Wanjala akamfunika nalo na kumbeba mgongoni. Miiba ilimchana kifua. Walipofikia mto ulikuwa umefura, kahawia, ukivingirisha mawe. Akaingia. Maji yalimpanda hadi mbavuni, kiatu kimoja kikachukuliwa.

"Usiangalie maji," Linah alimwambia sikioni. "Angalia ule mti."

Alikazia macho mti huo mpaka mikono yake ikashika mizizi yake.

Ng'ambo, nyati alikuwa amesimama kati ya mianzi, akipumua mvuke. Wanjala akarudisha mguu mmoja nyuma.

"Usikimbie," Linah akanong'ona.

Hakukimbia. Moyo wa Linah ulimdunda mgongoni, na yeye akawa hajui tena upi ni wake. Nyati akakoroma, akageuka, mianzi ikavunjikavunjika mbele yake.

Mchana ulikuwa ukififia Linah alipoanza kumwita Everlyne kana kwamba yuko pale. Wanjala aliendelea kutembea, akimjibu kila alipoita, ili asilale. Ndipo akasikia kengele ya ng'ombe. Akapiga kelele mpaka koo likauma.

Mfugaji mmoja, Kiptum, alitokea na panga na mbwa. Hakuuliza jina. Alimshika Linah upande wa pili, wakamfikisha nyumbani kwake kando ya moto. Mkewe akaosha kidonda, akakifunga kwa leso safi, na majirani wakaanza kukata miti ya machela wamteremshe hospitalini.

"Gari iliharibika nini?" Kiptum aliuliza.

Wanjala akamweleza yote, akiwa bado amesimama, maji yakimtiririka.

"Lo! Hata mimi nimefunga hiyo sumaku kwa trekta. Niitoe?"

"Iache ukitaka, haidhuru. Itanasa chuma kidogo, na filta nzuri inanasa pia. Lakini mwaga oili ikichoka, uweke mpya, ubadilishe filta pia. Mimi sikufanya hivyo."

Akainamisha kichwa. Linah, midomo bado imepauka, akanyoosha mkono akamshika kidole.

"Mtu amenibeba mlima mzima halafu anasimama mlangoni kama mgeni," alisema. "Keti, shemeji. Chai inapoa."

Wanjala akaketi. Alipopewa kikombe, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, na Linah akamsaidia kukishika.