Kiu ya Ua Jeupe

Asubuhi hiyo udongo wa chungu kimoja ulikuwa mkavu kama unga. Mwenye kitalu cha maua aliuchokoa kwa kidole, asiamini. Bintiye wa miaka saba alikuwa amekimwagilia mbele ya macho yake, hata nusu saa haijapita, na vyungu vya kando yake vilikuwa bado vinachuruzika.

"Ua hili umelimwagilia?"

"Nimelimwagilia, mama. Naomba maji."

Akampa bilauri. Mtoto akaigugumia, akaomba nyingine, na nyingine tena.

Ua lenyewe lilikuwa fahari ya kitalu. Mwenye kitalu alilikuta limechipua peke yake nyuma ya stoo, jani jembamba lenye mistari ya fedha, aina ambayo hajapata kuiona katika miaka kumi na tano ya kuuza maua. Mama yake mzazi alipokuja kutembea akaliona, uso ulimbadilika. "Ling'oe," alisema, na alipoulizwa kwa nini, akafunga mdomo. Sasa mtu gani wa maua ang'oe ua adimu kwa sababu mama yake kanuna? Alimwitikia ndiyo, kisha akalihamishia kwenye chungu, na ili mtoto ajifunze kazi, akamkabidhi: hili ni lako, ulimwagilie mwenyewe.

Kufikia siku ya nne mtoto alikuwa anamaliza ndoo nzima, na midomo inampasuka kwa ukavu. Hospitali walipima damu, wakapima mkojo, wakasema hana kitu. Mganga aliyeitwa aliweka bakuli lake la maji mezani, akafumba macho kusoma dua. Alipoyafumbua, bakuli lilikuwa tupu. Alitoka mbio, ndara moja akaiacha.

Chunguni, tumba jeupe lilikuwa limetokeza.

Siku ya tano, jua la utosini, mwenye kitalu alisikia mtu akinywa maji. Gu, gu, gu. Alidhani ni mwanawe, akageuka, akamwona amelala kwenye mkeka, mdomo wazi, hana nguvu hata ya kushika kikombe, na sauti ile ikaendelea, sauti ya koo pana kuliko koo la mtu, ikitoka chini ya udongo wa chungu, huku tumba likifumbuka polepole na harufu tamu, tamu mpaka ya kutapisha, ikijaa kitaluni, na kila funda lilipomezwa kule chini, mashavu ya mtoto yakazidi kubonyea.

"Lina jini," ilinong'ona sauti mlangoni. Ni mama yake, aliyekuja kumjulia hali mjukuu. "Si nilikwambia uling'oe?"

"Mama, ulijua ukanyamaza?"

"Nilikuwa na miaka tisa. Bibi yako alilitoa msituni, akatamba nalo, akanipa mimi nilimwagilie. Kiu ikanishika mimi, mwanangu. Mimi, si mdogo wangu."

"Mdogo wako yupi? Si ulisema ulizaliwa peke yako?"

"Ndivyo tulivyoamua kusema. Aliyemo humo humnywa anayemwagilia. Akishika kopo mwingine, wa kwanza huachiwa. Bibi yako alitutazama sote wawili, kisha kopo akampa mdogo wangu, wa miaka mitano. Ua lilipochanua lote, akafa. Tukalichoma, kiazi chake cha mizizini kikagoma kushika moto, tukakifukia hapa hapa, nyuma ya stoo. Jina la mtoto hatukulitaja tena."

Mwenye kitalu hakungoja zaidi. Alirukia kopo, asilikute. Lilikuwa mkononi mwa mama yake, limeshainamishwa, na maji yanazama udongoni.

"Mama, usifanye hivyo!"

"Nyamaza. Wewe una mtoto wa kulea."

Mlio ukakatika. Mkekani mtoto akapiga chafya, akaketi, akauliza chakula kiko wapi. Alipopewa maji aliisukuma bilauri: hayataki. Mwenye kitalu alimkumbatia, akacheka kwa sauti, akacheka mpaka machozi yakamtoka, furaha imemjaa mwili mzima. Kisha akageuka. Bi mkubwa alikuwa ameketi juu ya gunia la mbolea, analamba midomo yake, mkono ameunyoosha kuielekea bilauri iliyokataliwa.

Kicheko kikamkatika. Aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Cheka tu, mwanangu," mama yake alisema, akiipokea bilauri kwa mikono miwili. "Mama yangu naye alicheka hivyo hivyo, siku niliyopona mimi."